Urubugu: Kabla ya Kula, Hesabu Unachokiacha Nyumbani

Jua linapoanza kuinamia milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura hubadilika sura. Mafundi wa magari hufuta mikono yao kwa vitambaa vyenye mafuta, wauzaji wa vipuri hufunga milango ya maduka, na harufu ya ndagala wanaokaangwa huenea kutoka ua hadi ua. Ndipo katika nyumba nyingi kibao cha mti chenye mashimo hutolewa ndani, kikawekwa juu ya kigoda kati ya watu wawili, na watu wengine watano au sita wakakizunguka kimya kama wanaosikiliza habari za redioni.

Kibao hicho ni cha urubugu, ambao wengine huuita ikibuguzo. Ni mchezo wa vilima vya Burundi tangu zamani. Majirani wa Rwanda wanao, wakiuita igisoro. Waganda wanao, wakiuita omweso. Na Waswahili wa pwani wana bao lao, ambalo lilisafiri pamoja na watu mpaka kwenye fukwe za Tanganyika. Katika mitaa ya Waswahili ya Bujumbura, michezo hii imekaa pamoja kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali: sura zao zafanana, lakini tabia zao si moja.

Si haba kwamba mchezo huu unapendwa na askari. Kila mchezaji ana eneo lake la kulinda na eneo la mpinzani la kushambulia. Ana akiba ya nyuma na kikosi cha mbele. Hana kete ya bahati ya kurusha wala karata ya kuficha. Kwa sababu hiyo, ashindwaye hapati mtu wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake.

UWANJA NA KANUNI ZAKE

Uwanja wa urubugu una mashimo 32, yaliyopangwa katika mistari minne ya mashimo manane manane. Mistari miwili iliyo karibu na mchezaji ndiyo eneo lake: mmoja ni mstari wa mbele, unaotazamana na adui; mwingine ni mstari wa nyuma, ulio karibu na magoti yake. Kete zote ni 64, nazo huweza kuwa mbegu ngumu, vijiwe au hata maharagwe makavu. Kila mchezaji huanza na kete 32. Hakuna mwenye kete za rangi yake. Kete ni ya yule ambaye imekaa katika eneo lake, na ikivuka mpaka hubadilisha bwana.

Kanuni hutofautiana kidogo kutoka kilima hadi kilima, na wachezaji hupatana kabla ya kuanza. Zile zifuatwazo katika ua mmoja wa Buyenzi, ambao habari hii inauhusu, ni hizi.

Mchezaji akifikiwa na zamu huchagua shimo moja katika eneo lake lenye kete mbili au zaidi. Shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanzishiwa. Huzizoa kete zote za shimo hilo, akazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Katika mstari wa nyuma huenda kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Akifika mwisho hupanda mstari wa mbele, akarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Huzunguka hivyo ndani ya eneo lake tu, wala kete yake haivuki mpaka.

Kete ya mwisho ndiyo yenye neno. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji huangalia mambo mawili: je, shimo hilo liko katika mstari wa mbele? Na je, mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo katika safu hiyo hiyo, la mbele na la nyuma, yana kete? Kama majibu yote mawili ni ndiyo, amekula. Huchukua kete zote za mashimo hayo mawili, akazigawa katika eneo lake, akianzia shimo linalofuata lile ambalo mzunguko huo ulianzia. Kama jibu mojawapo ni hapana, huzoa kete za shimo alilofikia, akaendelea na safari. Hivyo zamu moja yaweza kuwa fupi kama kupiga chafya, na yaweza kuwa ndefu mpaka chai ikapoa.

Asiyekuwa na shimo lolote lenye kete mbili hana la kucheza, naye ameshindwa. Wajuzi wana ruhusa nyingine ya kugeuza mwelekeo kutoka mashimo kadhaa maalumu, endapo kufanya hivyo kunaleta ulaji wa papo hapo. Lakini anayejifunza aiache kwanza. Atembee kabla ya kukimbia.

TOFAUTI NA BAO, TOFAUTI NA KARATA

Mtu aliyezoea bao la Kiswahili atauona uwanja huu akadhani amefika nyumbani, kumbe amefika kwa jirani. Katika bao, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika sehemu ya kwanza, iitwayo namua, huziingiza moja moja kila zamu. Kisha huja sehemu ya mtaji, ambapo kete zote zimekwisha kuingia. Tena bao lina nyumba, lina vichwa na vimbi, na kete ziliwazo ni za mstari wa mbele wa mpinzani tu. Mstari wake wa mbele ukiwa mtupu, amefungwa hata kama nyuma ana mali tele. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa mmoja wa wapenzi wa mchezo huo.

Urubugu hauna kete za mkononi, na mlaji hula mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa hiyo mstari wa nyuma si ghala salama. Adui akiingia safu moja, huondoka na chakula cha mezani na cha stoo pia.

Ama karata ni jambo jingine kabisa. Mchezaji wa karata huficha mkono wake, na nusu ya ustadi ni kusoma uso wa mwenzake. Aliyepewa karata mbaya husema bahati haikuwa yake. Katika urubugu kila kitu kiko wazi. Hatari inayokuja dhidi yako imekaa mbele ya macho yako. Kama hukuiona, ni kwa sababu hukutazama.

HESABU TATU ZA MCHEZAJI

Wazee wa urubugu hawafundishi kwa maneno mengi, lakini mafunzo yao yaweza kupangwa katika hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza ni ya kufika. Mchezaji ajue, kabla ya kugusa shimo, kete yake ya mwisho itaanguka wapi. Hapa pana siri ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuishika. Mtu akitaka kuzoa shimo la nyuma ili kete ya mwisho ifike katika shimo la mbele la safu ile ile, idadi inayotakiwa daima ni namba witiri. Safu ya kwanza kutoka mkono wa kulia huhitaji kete moja, ambayo kwa kanuni haiwezi kuchezwa. Safu ya pili huhitaji tatu. Ya tatu huhitaji tano. Ya nne huhitaji saba. Na kuendelea hivyo hadi safu ya mwisho upande wa kushoto, ihitajiyo 15. Aliyeshika jambo hili huutazama mstari wake wa nyuma mara moja tu akajua ni shimo lipi limeiva.

Hesabu ya pili ni ya ngao. Kwa kuwa mlaji hawezi kula isipokuwa mashimo yote mawili ya safu yana kete, shimo moja tupu huilinda safu nzima. Mchezaji mgeni huogopa shimo tupu, akidhani ni umaskini. Mchezaji mzoefu hulitengeneza kwa makusudi. Penye lundo kubwa mbele, yeye huacha utupu nyuma yake, na adui hukodoa macho tu asiweze kunyoosha mkono.

Hesabu ya tatu, ambayo ndiyo ngumu, ni ya zamu ya mwenzako. Kila mtu hujua kuhesabu atakachopata. Wachache huhesabu uwanja utakavyokuwa baada ya kupata, na wachache zaidi hujiuliza: mimi ningekuwa upande wa pili, ningecheza nini sasa? Mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, alishughulika na swali hilo hilo: akili ya binadamu yaweza kufuata mizunguko mirefu kiasi gani bila kuzigusa kete? Bingwa huuona uwanja ambao bado haujawa.

JUMAPILI MOJA KATIKA UA WA BUYENZI

Mafunzo haya yalipata mfano mwezi wa saba wa kiangazi kimoja, katika ua wa mzee mmoja askari mstaafu wa Buyenzi. Siku hiyo alimpokea mtoto wa mdogo wake, sajini wa jeshi, pamoja na mke wake na watoto wao wawili.

Sajini huyo alikuwa amehudumu Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambako majeshi ya Burundi yaliingia mwishoni mwa mwaka 2007 na kubaki kwa zaidi ya miaka 15. Kama askari wengi waliorudi kutoka huko, alirudi na akiba. Na kama wengi wao, alikuwa na shauku moja: kiwanja chake mwenyewe, ili aache kulipa kodi ya nyumba kila mwezi.

Kiwanja kilikuwa kimeonekana. Kilikuwa upande wa kaskazini magharibi ya jiji, kwenye uwanda wa mto Rusizi. Kipana, tambarare, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya viwanja vya mitaa mingine. Mwuzaji alikuwa amesema kuna wateja wawili wengine, na kwamba hatasubiri kupita siku ya Jumanne. Akiba ingetosha sehemu kubwa, na iliyobaki ingekopwa na kukatwa katika mshahara. Sajini alikuja kwa baba yake mkubwa si kuomba shauri bali kumpa habari, kama ilivyo heshima.

Mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika daftari la matumizi ya nyumba, alikuwa ameuliza swali moja tu tangu wiki iliyotangulia: mvua zikija, hapo pakoje? Alijibiwa kwamba pamekauka kabisa, kwamba mtu aweza kuegesha lori bila gurudumu kuzama. Hakuuliza tena.

Mzee alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Vema, mwanangu. Leta kibao kwanza, tucheze."

ZAMU ILIYOAMUA MCHEZO

Walicheza karibu nusu saa. Ilipofika zamu tunayoieleza, Sajini alikuwa na kete 30 na mzee 34. Msomaji akitaka kufuata, achore mistari minne na kuhesabu safu kutoka mkono wa kushoto wa Sajini, ya kwanza hadi ya nane.

Upande wa kulia wa Sajini ulikuwa umejaa. Safu ya sita ilikuwa na kete tano nyuma na mbili mbele. Safu ya saba ilikuwa na tatu nyuma na nne mbele. Safu ya nane ilikuwa na nne nyuma na tatu mbele. Shimo lake la mbele katika safu ya pili lilikuwa tupu, na katika safu ya tano vilevile.

Upande wa mzee, katika safu ya sita palikuwa na mali: kete nne mbele na tano nyuma. Pia alikuwa na kete nne katika shimo la mbele la safu ya nne, kete moja iliyokaa peke yake katika shimo la mbele la safu ya nane, na katika mstari wake wa nyuma saba katika safu ya pili na tatu katika safu ya saba.

Sajini aliziona kete zake tano katika safu ya sita. Ilikuwa safu ya tatu kutoka kulia, na tano ndiyo namba yake. Macho yake yaling'aa. Alizizoa, akagawa: moja safu ya saba nyuma, moja ya nane nyuma, moja ya nane mbele, moja ya saba mbele, na ya tano ikatua safu ya sita mbele, palipokuwa na kete mbili. Mbele yake palikuwa na nne na tano. Akala tisa. Alizigawa tena kuanzia safu ya saba nyuma, zikazunguka kona, zikaenda kushoto, na ya mwisho ikaanguka katika shimo tupu la safu ya pili. Zamu ikaisha. Sasa alikuwa na kete 39, na mzee 25. Watoto walipiga makofi.

Mke wake, aliyekuwa amesimama na sinia ya chai, hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ile kete moja ya mzee iliyokaa peke yake kwenye safu ya nane.

Mzee hakuharakisha. Alikunywa chai kidogo. Kisha alizizoa kete nne za safu ya nne, akazigawa mbele: safu ya tano, ya sita, ya saba, na ya nne ikatua juu ya ile kete iliyokuwa peke yake katika safu ya nane. Mbele yake, katika eneo la Sajini, safu ya nane ilikuwa imenenepa: tano mbele, sita nyuma. Akala 11.

Alizigawa hizo kuanzia safu ya tano mbele, zikapita mwisho wa mstari, zikaingia nyuma, na ya kumi na moja ikaangukia lile shimo la safu ya pili lililokuwa na kete saba. Zikawa nane. Alizizoa zote, akaendelea: moja nyuma katika safu ya kwanza, kisha mbele kutoka ya kwanza hadi ya saba. Ya nane ikatua safu ya saba. Katika eneo la Sajini, safu ya saba nayo ilikuwa imenenepa: sita mbele, tano nyuma. Akala 11 nyingine. Alipozigawa, ya mwisho iliangukia shimo la nyuma la safu ya saba, ambalo kwa wakati huo lilifikia kete tano. Akazizoa hizo pia, na ya tano ikatua katika shimo la safu ya pili alilokuwa amelimaliza mwenyewe. Hapo zamu yake ikaisha.

Sajini alihesabu kwa kidole. Kete 39 zilikuwa zimebaki 17. Mzee alikuwa na 47.

"Umeniotea, Baba mkubwa," alisema.

"Sikukuotea, mwanangu. Zile kete nne zilikuwa hapo kabla hujacheza, na ile moja ilikuwa hapo. Nilikuwa nimekwisha kuitazama safu yako ya nane tangu zamu iliyopita. Wewe ulihesabu vyangu, hukuhesabu vyako. Tena ulipokula, ulikwenda kuviweka palepale ninapopiga mimi."

"Ningefanya nini?"

Mzee alimgeukia yule mama mwenye sinia. "Binti yangu, wewe umeona. Mwambie."

Alisita kidogo, kwa kuwa si desturi ya ua ule mtazamaji kusema. Kisha alijibu: "Baba, angezoa zile nne za nyuma katika safu ya nane. Zingeishia pale penye shimo tupu la mbele, safu ya tano. Asingekula kitu. Lakini nyuma ya safu ya nane pangekuwa patupu, na usingeweza kuichukua."

"Na tisa zake?" aliuliza mzee.

"Labda zingemsubiri, labda zisingemsubiri. Lakini nyumba ingekuwa imefungwa."

KUTOKA KWENYE KIBAO HADI KWENYE KIWANJA

Ndipo mzee alipokiweka kibao pembeni, akazungumza habari ya kiwanja. Alisema maneno machache. Alimwuliza Sajini bei rahisi ile ilitoka wapi, kwa maana kitu chema hakiuzwi nusu bei ila kina sababu. Alimwuliza ni nani anayecheza upande wa pili. Sajini akajibu, mwuzaji. Mzee akatikisa kichwa, akasema: "Mwuzaji atapokea fedha na kwenda zake. Anayecheza upande wa pili ni maji. Na zamu yake ni mwezi wa nne."

Wenyeji wa Bujumbura hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua kubwa iliteremka katika mitaa ya kaskazini ya jiji, ikabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, na maelfu ya wakazi wa Gatumba wakahama na magodoro vichwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia katika barabara na nyumba za kando yake. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ardhi yote huonekana sawa. Tambarare ni tambarare, na udongo mkavu hausemi uliwahi kubeba nini.

Siku ya Jumatatu, Sajini aliomba ruhusa kazini, wakaenda kukitazama kiwanja yeye na mke wake. Yeye aliangalia mipaka. Mke wake hakuangalia kiwanja chenyewe. Alipita nyumba za jirani, akawasalimu akina mama waliokuwa wakianua nguo, akawauliza habari za watoto, kisha habari za maji. Mmoja wao hakujibu kwa maneno. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha ukuta. Juu ya ukuta ule, usawa wa kiuno cha mtu mzima, palikuwa na mstari wa tope uliokauka, mnyoofu kana kwamba umepigwa kwa rula.

Kiwanja hakikununuliwa. Jumanne ilipita. Baadaye walisikia kwamba mtu mwingine amekichukua.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Familia ile bado hulipa kodi kila mwezi, na kila mwezi Sajini huona fedha zikienda kwa mwenye nyumba, moyo ukamwuma. Viwanja vya juu, vyenye usalama, ni ghali, na bei hupanda kuliko akiba. Lakini akiba ipo, na deni halipo. Sajini mwenyewe husema kwamba katika urubugu hiyo ndiyo hali ya mtu ambaye hakula zamu hii, lakini bado ana shimo la kucheza.

Kwa familia nyingine zinazotafuta ardhi, hesabu za kibao zaweza kuwa ukumbusho. Kwanza, kitazame kiwanja mara mbili: kiangazi kwa ajili ya mipaka, na masika kwa ajili ya maji, na kama huwezi kusubiri masika, waulize waliolala hapo masika iliyopita. Pili, hakikisha karatasi. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 2011 iliweka utaratibu wa hati za ardhi katika ngazi ya komuni, na mwenye haki ya kuuza hana sababu ya kukataa kwenda nawe ofisini. Tatu, usimwage akiba yote katika safu moja. Acha kitu cha shule, cha hospitali na cha msiba, kwa maana hayo nayo huja kwa zamu yake bila kubisha hodi. Nne, yule asemaye "leo tu, kesho hakuna" anakunyima hesabu ya tatu kwa makusudi. Tano, mume na mke watazame uwanja pamoja. Anayecheza hushikwa na tamaa ya kula. Anayesimama na sinia huona kete iliyokaa peke yake.

KIBAO KWA AJILI YA NYUMBA YAKO

Hakuna haja ya fedha ili kuanza mchezo huu. Kibao cha mti kilichochongwa na fundi ni kizuri, lakini mashimo 32 yaliyochimbwa kwa kijiko katika udongo wa ua yanatosha. Trei mbili za mayai zilizokatwa na kuunganishwa zafaa pia, na hizo huweza kuchukuliwa kambini. Kete ziwe 64, zenye ukubwa mmoja. Maharagwe makavu ni mema, ilimradi mama wa nyumba aarifiwe kabla, yasije yakatafutwa jioni ya kupika.

Watoto waanze kwa hesabu ya kufika tu: zoa hapa, sema utaishia wapi, kisha gawa uone kama ulisema kweli. Mtoto atajumlisha bila kujua kwamba anajumlisha. Akizoea, afundishwe ngao. Na mwisho, ageuziwe kibao, acheze zamu moja upande wa pili, ili ajue mwenzake anaona nini.

Jambo moja likatazwe: fedha zisiwekwe juu ya kibao. Mchezo ukiwa kamari, mshindi hula chakula cha watoto wa mwenzake, na urafiki wa ua huisha.

Katika ua ule wa Buyenzi, kibao bado hutolewa kila Jumapili. Sajini bado hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, ila siku hizi zamu zake zimekuwa ndefu, naye hulaumiwa kwa kuchelewesha. Mzee humwachia achelewe. Na siku hizi mama yule, akishaiweka sinia chini, huvuta kigoda na kukaa kando ya kibao, akisubiri mmoja wao achoke ili ashike nafasi yake.